Komiki, kitabu chenye picha au utendi wenyewe: umpe mtoto kipi?

Tangu tuanze kusoma na watoto barazani kwetu hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, kila Jumamosi baada ya alasiri, wazazi wananiuliza jambo moja tu. Je, huyu mtoto nimnunulie zile komiki za vitabu vikubwa, ama nimpe kitabu kamili chenye picha, ama nimwache na utendi wenyewe kama tulivolelewa sisi? Na wanauliza mtu akiwa njiani na kikapu cha sokoni, sa jibu la kusimama mlangoni halitoshi, manake pesa ya kitabu si ndogo na ukikosea mtoto anakisukuma chini ya kitanda alafu wewe unabaki kuamini mwanao hapendi kusoma. Kwa hiyo nimeamua niandike yote niliyoyaona, kipi kinafaa wapi, na niseme wazi naegemea upande gani.

Kwanza niondoe hili la kwamba picha ni utoto. Nalisikia sana, hasa kwa wazee, na naliheshimu kwa sababu nyuma yake kuna hofu ya kweli, watu wanaogopa maneno yatapotea. Lakini tukumbuke Kalila na Dimna, kile kitabu cha hadithi za wanyama. Ibn al-Muqaffa alipoileta kwa Kiarabu karne ya 8 alieleza mwenyewe kwenye utangulizi kuwa picha za wanyama kwa rangi mbalimbali zimewekwa ili nyoyo za wafalme zipate kufurahi na kukipenda kitabu. Wafalme, si watoto wa chekechea. Alafu mwaka 1237 kuna mtu anaitwa Yahya al-Wasiti aliandika kwa mkono wake Maqamat, vile visa vya al-Hariri, na kuchora humo humo, picha 99, nakala iko Paris mpaka leo. Maqamat ni Kiarabu kigumu hasa, cha kucheza na maneno, na al-Wasiti kachora watu wamekaa msikitini wanasikiliza, maktaba yenye vitabu vimelazwa kwenye shubaka, ngamia, na jahazi limejaa abiria wanachungulia kwenye vitundu. Kuna kijana wetu mmoja anayechora, alipoiona picha ya lile jahazi alikaa nayo kama robo saa hivi hasemi kitu.

Na hapa kwetu, Muhammad Kijuma, mtu wa Amu huyu huyu, aliyeandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa mshairi na pia mchongaji wa milango na mwandishi wa hati nzuri. Mkono uliochonga maua kwenye mlango ndo ulioandika beti. Kwa hiyo tukisema maandishi na picha ni maadui hatusemi habari za kwetu.

Haya sasa, tuanze na komiki fupi, zile zinazochukua kitabu kizima zikakibana. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Marekani ulioanzishwa na Albert Kanter mwaka 1941, toleo la kwanza likawa The Three Musketeers, na kuanzia 1947 mfululizo ukaitwa Classics Illustrated. Mwanzo kila toleo lilikuwa kurasa 64, baadaye zikashuka mpaka 48. Na mwishoni walikuwa wanamhimiza msomaji akakitafute kitabu chenyewe, jambo ambalo nalipenda sana kwa sababu walijua wanachouza ni mlango, nyumba iko ndani. Matoleo kama hayo bado yanazunguka, mapya kwa makuukuu, na mtoto anakimaliza kimoja kwa kikao kimoja.

Sasa angalia kinachobanwa. Moby-Dick ya Herman Melville ina sura 135. Ukiitia kwenye kurasa 64 za picha inabaki nahodha mwenye hasira, nyangumi mweupe, na meli inazama. Ni kisa kizuri, sikatai. Lakini kwenye kitabu kamili kuna sura nzima inahusu kamba tu, ile kamba ya kumfungia nyangumi, inavopangwa kwenye pipa, inavopita katikati ya wapiga makasia wamekaa, na hatari yake ikianza kukimbia. Kuna mtoto wetu mmoja baba yake ni mvuvi, yeye mwenyewe anasaidia kupanga mishipi alfajiri, nilimsomea ile sura nikimtafsiria pole pole na yeye ndo akanieleza mimi kwanini mtu hakai na mguu ndani ya duara la kamba. Komiki ilikuwa imeitoa kabisa hiyo sehemu. Aliyebana kitabu alidhani inachosha, na kwa mtoto wa mji wa mbali na bahari labda inachosha, lakini kwa mtoto wa Amu pale ndo palikuwa penyewe.

Kwa hiyo komiki fupi naipa hivi: ni nzuri kwa mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu maishani, inamwonjesha kumaliza. Ni nzuri pia kwa visa vya mbio na mapanga. Ubaya ni kwamba nyingi ni za Kiingereza, na mtoto wa darasa la tano akikwama kwenye viputo vya maneno anaangalia picha tu, anafunua kurasa zote kwa dakika kumi, anakwambia ashamaliza. Si mvivu, lugha ndo imemzuia. Dawa yake ni kukaa naye, wewe usome kiputo kwa Kiingereza yeye akisema kwa Kiswahili, hapo inageuka kitu kingine.

Tukaona badala ya kungojea za kutoka nje tutengeneze yetu. Yule kijana niliyemtaja ni mtu wa Shela, kijiji jirani, anachora kwa kalamu nyeusi na karatasi za kawaida, na tukachagua Liyongo, yule shujaa wa masimulizi yetu ya pwani, kwa sababu Liyongo ni kama kaumbwa kwa ajili ya komiki. Fikiria tu: mtu anashusha mkoba wake, anatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga, mpaka nyumba inajaa na watu wamebaki midomo wazi. Anapiga pembe, mara ya tatu inapasuka. Anafungwa gerezani, mjakazi Saada anamletea chakula, walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia yeye mkate wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa ndo kuna tupa, ile ya kukatia chuma. Alafu anaomba ngoma ipigwe nje, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa inakata pingu. Ni kurasa 24 tulizitoa, tukapiga fotokopi, tukashona kwa uzi.

Nataka nikwambie kitu nilichokiona kwa macho. Mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili alifika kwenye fremu, yaani kisanduku kimoja cha picha, mlinzi anauma mkate mweupe anacheka, na fremu ya pili yake Liyongo yuko gizani tupa iko mkononi. Katikati ya hizo fremu mbili hamna kitu, ni karatasi nyeupe upana wa kidole. Kaweka kidole pale pale kwenye weupe. "Dada, imeingiaje?" Sikumjibu. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akamwona Saada na ile mikate miwili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya udongo, akapiga kofi sakafuni. Scott McCloud kwenye kitabu chake Understanding Comics cha 1993 ameeleza hili vizuri, kwamba komiki inaishi kwenye ile nafasi baina ya fremu, msomaji mwenyewe ndo anamalizia kitendo kichwani. Nilikuwa nimelisoma, lakini kuliona kwenye kidole cha mtoto ni kitu kingine kabisa. Na hapa ndo nasema wanaodhani komiki inamlemaza mtoto akili waje wakae barazani siku moja.

Lakini pia tulikosea, na kosa letu ndo limenifundisha zaidi ya yote. Bibi yangu alikuwa ndani, dirisha liko juu ya baraza, anasikia watoto wanasoma kwa sauti. Walipopita ukurasa wa gerezani akatoka mlangoni.

"Na wimbo wake mumeuweka wapi?"

Nikamwonyesha kiputo. Sisi tulikuwa tumeandika kwa kifupi tu, Liyongo anamwambia Saada akamwambie mama afanye mkate atie tupa ndani. Bibi akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, angesema hivo walinzi wangemwacha?"

Akakaa, akauimba. Ule wimbo wa kumtuma kijakazi, kwa Kiamu chake, pole pole, na watoto wote kumi na kitu kimya. Na ndo nikaelewa kuwa tumeukata moyo wa kisa wenyewe. Ujumbe ulipita kwa sababu ulikuwa wimbo. Ukiugeuza maneno ya kawaida, kisa kinakuwa cha mtu mwenye nguvu tu, na Liyongo hakuwa mtu wa nguvu tu, alikuwa mshairi na ushairi wake ndo uliomtoa gerezani. Toleo la pili tukaweka wimbo mzima, ukurasa wake peke yake, fremu moja kubwa, dirisha la gereza na maneno yanateremka kama kamba.

Tangu siku hiyo mi sichagui tena kwa kuangalia kipi ni rahisi. Naangalia utamu wa kitabu umekaa wapi. Kuna vitabu utamu wake uko kwenye tukio, kuna vitabu utamu wake uko kwenye sauti ya anayesema, na kuna vingine ni hoja, mtu anabishana na mtu. Komiki inabeba tukio kuliko kitu chochote. Sauti haiibebi vizuri, ukiikata tu inakufa.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Mama mgonjwa, amemwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, anamwachia wasia. Ungeufanyaje komiki huo? Itakuwa ni mama kitandani anasema, fremu ya pili mama kitandani anasema, fremu ya hamsini mama bado anasema. Kuna watu wangeona suluhisho ni kufupisha, wachukue nasaha tano waziweke kwenye viputo, na hapo umebakiwa na karatasi ya mawaidha ya kubandika ukutani. Utendi ule umeishi kwa sababu wanawake waliuhifadhi, waliunakili, wanauimba. Kwa hiyo hapa nachagua kitabu cha matini kamili chenye picha, na picha zenyewe ziwe za kukaa pembeni ya beti. Kidani cha lulu na marijani anachosema atamvisha mwanawe, mchore kidani hicho, vizuri, ukurasa mzima, mtoto ahesabu shanga huku bibi anaimba. Neno marijani watoto wengi walikuwa hawalijui mpaka wakaliona limechorwa.

Na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, hii naipenda kuliko zote na ndo ngumu kuliko zote. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, ule moyo hauchoreki. Lakini katikati anauonyesha moyo magofu ya Pate, mji wa kale jirani yetu, majumba yaliyokuwa yanang'aa kwa taa usiku ukawa kama mchana, na zile zidaka za ukutani zilizokuwa zimepangwa sahani sasa zimelaliwa na makinda ya ndege. Hapo picha inafanya kazi ambayo maelezo ya mwalimu hayafanyi, manake mtoto anajua zidaka, kazipita kwenye nyumba za mawe hapa mjini tangu azaliwe, akienda ile Nyumba ya Waswahili ya makumbusho anaziona zimejaa sahani. Kijana wetu alichora ukuta mmoja mara mbili, kurasa zinazotazamana. Kulia zidaka na sahani za kaure, kushoto zidaka zile zile, ufa ule ule pembeni, na kiota. Chini beti, bila kupunguza hata mzani. Hakuna fremu, hakuna kiputo. Watoto walisoma beti zile mara tatu, nne, wanatafuta neno lipi ni lipi kwenye picha.

Mtindo huu ni wa zamani pia na kwa Wazungu, Gustave Doré alimchorea Dante ile Inferno mwaka 1861 na Don Quixote mwaka 1863, maandishi yako kamili na picha kubwa zinakaa kama vituo vya kupumzikia. Kwa mtoto mvivu kidogo kusoma picha hizo zinamvuta mbele, anataka afike kwenye picha inayofuata ajue imekuwaje. Kasoro yake ni unene wa kitabu na bei, na mtoto asiyesoma bado kwa ufasaha atarukia picha na kuyaacha maandishi. Kwa huyo usianze hapa.

Kuna njia ya katikati ambayo nadhani haijulikani sana kwetu na inafaa ijulikane. Kampuni ya Uingereza, Classical Comics, wanatoa komiki moja ya Shakespeare, mfano Macbeth, kwa matini tatu tofauti na picha ni zile zile: moja ina maneno ya Shakespeare yote kama yalivo, ya pili ina Kiingereza cha leo, ya tatu ni kifupi sana kwa anayeanza. Sasa hebu fikiria darasa lina watoto wa viwango tofauti, wote wako ukurasa mmoja, picha moja, kila mmoja na maneno ya kiwango chake, na yule wa kifupi anamchungulia mwenzake aone mbona yake ina maneno mengi hivo. Ukilinganisha na Manga Shakespeare ya SelfMadeHero ya London, iliyoanza 2007, hii inashika maneno ya Shakespeare mwenyewe lakini yamepunguzwa na michoro ni ya Kijapani, mbio mbio, vijana wa sekondari wanaipenda sana. Kama ni kwa ajili ya raha ya msomaji wa miaka kumi na tano, manga. Kama ni mwalimu mwenye mchanganyiko wa watoto, mi ningechukua ya matini tatu bila kufikiri mara mbili. Na usisahau sisi tuna Shakespeare wa Kiswahili, Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Weka komiki yoyote ya Julius Caesar ya Kiingereza mezani, mtoto ashike picha, wewe shika Nyerere usome kwa sauti. Tumefanya hivo na ile hotuba ya Antonio juu ya maiti, tukarudia siku mbili kwa maombi yao.

Hili la matini tatu ndo tunalolileta sasa kwenye Liyongo, na naliona ndo jibu la tatizo letu la Amu. Manake watoto wa hapa nyumbani wanasema mato, nti, mui, ndia, alafu shule inawafundisha macho, nchi, mji, njia, na wakikutana na utendi ulioandikwa kwa Kiamu wanasoma kama lugha ya kigeni ingawa ndo ya mama zao. Na kuna wenzao waliokuja na wazazi kutoka bara, hao kweli hawajui. Picha zile zile, toleo moja Kiamu na beti za asili, toleo moja Kiswahili sanifu, toleo moja fupi. Ni kazi, viputo inabidi viachwe vitupu kwenye mchoro wa kwanza alafu maneno yajazwe baadaye, na Kiamu cha beti kinataka nafasi yake kwa sababu huwezi kukata mstari katikati ya kina. Mchoraji ajue hilo tangu mwanzo, sisi tulichora tena kurasa sita kwa kutolijua.

Kwa vitabu vya hoja na fikra nitapita haraka. Rius, mchoraji wa Mexico, alitoa mwaka 1972 kitabu cha katuni cha kumweleza Karl Marx kwa anayeanza, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo mzima wa kueleza wanafalsafa na wanasayansi kwa michoro. Kuna Logicomix pia, ya 2009, habari za mwanafalsafa Bertrand Russell na msingi wa hisabati. Hizi ni za kidato cha tatu kwenda juu, na zinafaa kwa sababu mchoro unaweza kumweka mwenye hoja na mpinzani wake uso kwa uso. Ila mwambie kijana mapema kuwa waandishi wa Logicomix wenyewe wamekiri baadhi ya watu wanaokutana mle kitabuni hawakukutana maishani, hoja ni za kweli, vikao vingine vimetungwa.

Sasa jambo la heshima, na hili halina mjadala kwangu. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, wa 1728, ni kazi kubwa na vita vyake mtu angetamani kuviona, lakini wamo Mtume na masahaba, na hao hawachorwi. Kwa hiyo tendi za namna hiyo ziondoe kwenye orodha ya komiki moja kwa moja, usije ukajaribu kuwachora kwa mgongo ama kwa nuru ukidhani umekwepa. Zina njia yake nzuri: hati, nakshi, na ramani. Ramani ya safari kutoka Madina mpaka Tabuk, kituo kwa kituo, na beti za kila sehemu pembeni. Mtoto anafuata kwa kidole na hakuna mzazi atakayekuja mlangoni na kinyongo.

Na hata unapochora watu, angalia unamchora nani vipi. India walifanya kazi kubwa sana na Amar Chitra Katha, ilianzishwa 1967 na Anant Pai baada ya kuwaona watoto kwenye mashindano ya maswali ya televisheni wanajua miungu ya Wagiriki lakini wanashindwa kumtaja mama yake Rama, shujaa wa utendi wao wenyewe. Hilo lilinichoma, kwa sababu niliwauliza wa kwetu mama yake Liyongo anaitwa nani kwenye masimulizi, na hakuna aliyesema Mbwasho, na wote walinitajia mashujaa wa sinema. Lakini komiki hizo hizo za India zimelaumiwa kwa kuchora mashujaa weupe na waovu weusi. Sisi tulipofika kwa Saada, mchoro wa kwanza ulikuja kama kikaragosi, midomo mikubwa, mgongo umeinama. Nikasema hapana. Huyu ndo aliyebeba wimbo na mkate mbele ya walinzi, kila kitu kilikuwa mikononi mwake, mchore kama unavomchora dada yako. Kamchora tena.

Kwa anayetaka kununua, angalia na haya ya kawaida. Karatasi za kung'aa hapa zinashikana kwa chumvi na unyevu, chagua karatasi kavu zisizong'aa hata kama rangi si kali. Ukiagiza kutoka nje uhesabu na nauli mpaka Mokowe na boti ya kuvusha, na mwambie mtumaji afunge kwa nailoni, mi vitabu viwili vilinifikia vimevimba. Ukitengeneza mwenyewe, chora kwa mstari mweusi na weupe mwingi, vivuli vya penseli kwenye fotokopi vinatoka kama doa la mafuta. Na kwenye simu mambo yanageuka: komiki ya ukurasa mkubwa kwenye skrini ndogo inachosha macho, unavuta kulia unavuta kushoto mpaka unasahau ulikuwa wapi, lakini utendi unakaa vizuri kabisa, mistari ni mifupi, ubeti mmoja unajaa skrini kama vile ulitungwa kwa ajili yake. Mwenye simu tu bila pesa ya kitabu asione kakosa, aanze na beti.

Wa mtihani nao wasidanganyike. Komiki itamsaidia kukumbuka nani kafanya nini, lakini swali likija la tashbihi na istiara na matumizi ya lugha, majibu yake yalikuwa kwenye maneno yaliyokatwa. Asome komiki wiki ya kwanza, kitabu wiki zilizobaki.

Kwa hiyo ukinisimamisha tena njiani nitakuuliza mtoto ana miaka mingapi na ashawahi kumaliza kitabu au bado. Hajamaliza, chukua komiki ya kisa cha mbio, ya Kiswahili ukiipata. Abunuwasi ya Gado, yule mchora katuni, iliyotoka 1996 ni Kiswahili na watoto wanaipigania. Ashamaliza vitatu vinne, mpe chenye matini kamili na picha na ukae naye. Na kama nyumbani kuna bibi anayejua hata beti ishirini, weka pesa yako mfukoni kwanza, mkalishe mtoto pale na karatasi na penseli, bibi aimbe yeye achore.

Sisi tumebakiwa na ukurasa wa kisima. Liyongo keshachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, kapiga goti karibu na kisima na upinde kauvuta, kafa hivo hivo, na watu wa mji hawathubutu kwenda kuteka maji kwa sababu wanadhani yuhai. Kijana wa Shela anataka fremu sita, watu wanachungulia kutoka kila kona. Bibi anataka moja tu, yeye na upinde na ndoo zimelala. Juzi tumeziweka zote mbili barazani, watoto wakaenda kukaa mbele ya ile ya ndoo.